Jani la Mzabibu Pembeni mwa Barua

22 Agosti, Ijumaa

Hapana, bado sijamaliza habari ya masikio yake. Daftari la zamani liliisha nikiwa katikati ya sentensi, kwa hiyo hili jipya lianzie hapo hapo: Iurie akifikiri sana masikio yake huwa mekundu, la kushoto kwanza, halafu la kulia. Nikiwa jikoni namenya biringanya, natazama sikio tu kupitia mlangoni na kujua kazi yake imefika wapi. Leo yote mawili yalikuwa kama pilipili hoho zangu. Nimeolewa siku kumi na tisa, na bado nikiamka namgusa bega nihakikishe kwamba hajaniponyoka.

Tunakaa ghorofa ya nne, vyumba viwili na jiko. Sanduku langu la arusi liko chini ya dirisha, na juu yake zulia alilofuma Bibi Eftimia. Nampenda mume wangu, nalipenda zulia, nazipenda hata ngazi za jengo hili zinazonuka kabichi.

Iurie anakifanyia kazi chama cha Daraja. Habandiki mabango wala hapigi kelele jukwaani. Anachunguza maneno yanayozunguka kwenye kampeni: yapi tumeyatunga wenyewe, na yapi yameingizwa kutoka nje na watu wanaotaka tuchague wanavyotaka wao. "Mtu akivuka mpaka anaulizwa pasipoti," aliniambia akinywa chai. "Neno halijawahi kuulizwa." Nilimbusu hapo hapo na chai ikamwagika. Uchaguzi ni Jumapili tarehe 28 mwezi ujao. Baada ya hapo tutakwenda kwa Bibi kuvuna zabibu za mwisho, na Iurie ameapa hatagusa simu siku tatu nzima.

Nilipomwambia nimeanza daftari jipya alisema, "Hata sijui mwandiko wako ukoje." Kweli. Tulichumbiana kwa simu, yeye hapa mjini Kishinau, mimi kijijini. Niliwahi kusema nitamwandikia barua ya mapenzi, akacheka: "Kwa posta yetu hii, ataisoma mjukuu wetu." Basi hajui kwamba nilimaliza shule na cheti cha mwandiko bora, wala kwamba mwisho wa kila ukurasa huchora jani dogo la mzabibu pembeni, kama Bibi alivyonifundisha kulidarizi kwenye pembe ya taulo. Nitamwonyesha siku maalumu. Nataka ashangae.

25 Agosti

Nyanya kilo arobaini. Nimekuwa mwekundu mpaka viwikoni. Amenisaidia kuzichemsha akiwa na tai shingoni, mpenzi wangu.

28 Agosti, sikukuu ya Maria Mkubwa

Nanasha Agripina amepiga simu. Yeye na mumewe Haralampie ndio nanasha na nanashu wetu, yaani waliotusimamia kanisani, na msimamizi wa ndoa si mtu wa siku moja. Ni mzazi wa pili mpaka kaburini. Mikono ya nanasha ndiyo iliyonivua shela mbele ya watu wote na kunifunga kitambaa cha mke. Nililia, naye akanifuta machozi kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayefuta kioo cha dirisha.

"Wewe binti, kolachi zangu ziko wapi?"

"Zinakuja, nanasha."

"Zinakuja kwa miguu? Ukingoja sana meno yataniisha, itabidi nizinyonye."

Tunatakiwa kuwapelekea kolachi, mikate ya kusokotwa, ndiyo shukrani ya maarusi. Tumechelewa kwa ajili ya kampeni, na naona aibu, kwa sababu alinifanyia mengi. Hata ile sala yeye ndiye aliyeniletea. Wiki moja kabla ya arusi nilinakili sala ya Mama Mtakatifu mara tisa, kama wachumba wanavyofanya tangu zamani ili ndoa ishike, kisha nakala hugawiwa watu. Nilinakili jioni mbili huku naimba. Mwishoni palikuwa na maneno mengine marefu kuhusu nyakati mbaya, sikuyafuata sana; mkono ulikuwa kwenye karatasi, akili ilikuwa kwenye mikono ya gauni langu. Kwenye kila nakala nilichora jani. Nadhani ndiyo maana nina furaha hivi.

30 Agosti, Jumamosi

Nitaandika polepole.

Iurie amerudi mchana na jalada kubwa. Ofisini kwao watu wanaingia na kutoka, haamini mtu, kwa hiyo karatasi zake nyeti atazitundika ukutani chumbani kwetu. "Vumilia mwezi mmoja, mke wangu." Nikamwambia hata ukutani kwetu kukiwa na dubu nitavumilia. Nikaenda kutoa plachinta, mikate yangu bapa ya kujazwa viazi, kwenye oveni. Niliporudi na sinia alikuwa amebandika karatasi kumi na moja.

"Hizi zimepatikana vijiji kumi na moja," akasema, na sikio la kushoto likaanza. "Maneno haya haya yalisikika kwenye chaneli ya nje mwezi wa sita. Lakini ona werevu wao. Hawakuyapiga chapa. Wamempata mtu wetu, mwenye mwandiko wa kwetu, akatanguliza sala, wao wakatoa kopi. Mzee wa kijijini karatasi ya chapa anawashia jiko. Iliyoandikwa kwa mkono anaiweka nyuma ya picha ya mtakatifu."

Kila karatasi ilikuwa na jani la mzabibu pembeni.

Nilisoma, kwa mara ya kwanza nadhani, nilichoandika. Baada ya sala inasema: atakayekipigia Daraja kura, mwanawe atavishwa sare na kupelekwa kwenye vita vya watu wengine, na kengele ya kanisa lake itashushwa na kuyeyushwa, na anayekaa nyumbani siku hiyo Mama Mtakatifu atamfunika. Herufi zangu. Ile "M" yenye mkia ambayo mwalimu aliisifu mbele ya darasa.

"Huyu wa jani ndiye mlango," Iurie akasema, akaligusa jani kwa ncha ya kalamu. "Nikimpata, nitajua nani alimpa maneno, na huyo nani alipewa na nani, mpaka ng'ambo."

"Labda hakujua anaandika nini."

"Mtu aandike hivi vizuri, asijue? Domnica, una moyo mwema mno."

Akanibusu kwenye paji la uso. Plachinta zilipoa mikononi mwangu.

1 Septemba

Kitanda kinatazama ukuta ule. Nimeomba tukigeuze. Amepima kwa rula, akasema mlango hautafunguka. Nimepima na mimi. Hautafunguka.

3 Septemba, Jumatano

Nina chupa thelathini na mbili za kioo kwenye rafu ya jikoni, zimejaa msimu mzima, na hakuna hata moja yenye jina. Siwezi kuandika lebo. Siwezi kuandika orodha ya sokoni. Naikariri ngazini kote kama sala: vitunguu, siki, bizari. Jirani wa chini aliniomba nimwandikie jina la dawa, nikamwambia nimeumia kidole, na nikakifunga kitambaa kidole kisicho na jeraha lolote. Daftari hili linakaa ndani ya sanduku chini ya zulia la Bibi, na nikilifungua nafunga mlango wa jikoni kwa kiti.

Leo Iurie alijipakulia mwenyewe.

"Mke wangu, hii ni zakuska ya biringanya?"

"Ni jamu ya plamu."

"Juu ya samaki?"

"Kwenu hamli hivyo?"

Alitafuna kwanza, ndipo akajibu. "Kuanzia leo tunakula." Akaendelea mpaka akamaliza sahani, kwa sababu ananipenda, nami nikamtazama kila tonge likishuka. "Lakini uandike lebo, eh? Mama yangu akija kututembelea tutamuua."

"Sina kalamu."

Kalamu sita zilikuwa mezani pake. Mtu anayechunguza nchi nzima hakuziona kalamu zake, kwa sababu ni mimi niliyesema hazipo.

6 Septemba, Jumamosi

Nanasha amekuja mwenyewe, na kikapu cha zabibu nyeusi, akihema kwa ngazi. Iurie alikuwa vijijini. Nilifunga mlango wa chumbani na kumkalisha jikoni. Alikula, akazisifu chupa, akauliza kwa nini hazina majina, akajijibu kwamba mapenzi yamenitoa akili. Kisha akatoa karatasi kwenye matiti, imekunjwa mara nne.

"Mara tisa, mwanangu. Kama ile ya kwanza. Mkono wako watu wameupenda sana."

Nilisoma yote, safari hii, mpaka mwisho. Ni mbaya kuliko ile.

"Nanasha, hii imetoka wapi?"

"Imetoka kwa watu wazuri."

"Watu gani?"

"Wewe unaniuliza mimi kama mumeo anavyouliza watu." Alicheka, halafu akaacha. "Unakumbuka Haralampie alivyokuwa mwaka jana? Nilikuwa namshika mkono kumpeleka chooni. Hapa waliniambia ni uzee. Hao watu wazuri wakamchukua, wakamvusha mpaka, wakamkalisha nyumba ya mapumziko wiki sita, akarudi akitembea. Alicheza kwenye arusi yako, Domnica. Ulimwona. Hawakutuomba kitu. Wameomba tu sala inakiliwe."

"Hii si sala."

"Mwanzo wake ni sala."

"Naogopa."

"Unaogopa nini, wino?" Akanishika kitambaa kichwani, akanirekebishia fundo taratibu, kama siku ile. "Mimi ndiye niliyekufunga hiki. Mkono uliofunga unajua na kufungua. Iurie akijua nani aliandika ile ya kwanza, atalala wapi? Na wakubwa wake watasemaje, kwamba anayemtafuta anampikia?"

Alisema kwa upole. Hicho ndicho kinachonitisha: alikuwa ananihurumia kweli. Alipoondoka alinikumbusha kolachi, na kwamba hazihitaji sukari nyingi.

Karatasi yake iko hapa ndani ya daftari. Mbele yangu ukuta, nyuma yangu rafu, na ngazi nazo ni zake, maana kila mtu mjini anamjua, na nikitoka ataambiwa.

9 Septemba

Mvua. Sijaandika chochote mahali popote, ila hapa.

11 Septemba, Alhamisi

Nilikwenda kwa Bibi Eftimia peke yangu. Nilitaka kulaza kichwa mapajani pake na kunyamaza, basi.

Zabibu zake zimeiva, nyigu wamejaa. Alinipa supu, akaniambia nimekonda, akauliza kama Iurie ananuna. Nikasema Iurie hajui kununa. Kisha nikauliza, ili tu kusema jambo, kama Jumapili ya uchaguzi mwenye gari atampitia.

"Siendi."

"Bibi, wewe hujawahi kukosa kupiga kura. Ulikwenda hata mwaka ule ulipovunjika mguu."

"Safari hii siendi." Akavuta droo. Kitambulisho chake kilikuwa mle ndani, kimekatwa vipande vinne kwa mkasi wa kukatia kondoo manyoya. "Wasije wakanibeba kwa nguvu. Bila hicho hawawezi."

"Nani alikuambia ukate?"

Alinitazama kama mtoto anayeulizwa swali la mtego. Akaenda kwenye kona ya picha za watakatifu, akaingiza mkono nyuma ya Mama Mtakatifu, akatoa karatasi.

"Wewe," akasema. "Mwanzoni sikuamini. Kila siku watu wanaleta makaratasi. Nikaona jani. Nikasema huu ni mkono wa mjukuu wangu, mumewe anafanya kazi huko kwa wakubwa, amejua jambo la kutisha na hawezi kulisema kwa mdomo, ndiyo maana ameandika. Nikawaonyesha majirani. Nikawaambia, huyu nimemlea, hasemi uongo."

"Na wao?"

"Ileana wa kisimani amemzuia mwanawe asirudi kutoka Italia. Alikuwa aje kuvuna, hajamwona miaka mitatu. Amemwambia abaki huko wasije wakamkamata."

Nje nyigu walikuwa wanavuma kwenye matenga. Nilitaka kumwambia, na nikaona kwamba nikisema sikujua nilichoandika nitamfanya kuwa mjinga, na nikisema nilijua nitajifanya mwovu. Nikatoka kwenda kwenye mizabibu. Nikavuna matenga matatu, bila kuimba. Bibi alisema, "Ndoa imekutuliza."

12 Septemba

Ileana wa kisimani. Miaka mitatu.

14 Septemba, Jumapili

Ukutani sasa ziko ishirini na sita. Iurie anaongea nazo. "Nakujua wewe," aliiambia moja leo akivaa viatu. "Umesoma shule nzuri. Huna haraka. Huna moyo." Zamani ningeyatazama masikio yake tu. Leo niliusikiliza mdomo, na kwa mara ya kwanza nikamwogopa, kisha nikaona nimemwonea: anamchukia mtu asiyemjua, na ni mimi ninayemnyima kumjua.

16 Septemba, Jumanne

Nimefanya.

Asubuhi alipotoka nilikata karatasi nyeupe vipande thelathini na viwili. Nikachukua kalamu moja kati ya zile sita. Zakuska. Jamu ya plamu. Pilipili hoho kwenye asali. Nyanya. Niliandika kwa mwandiko wangu wenyewe, ule wa cheti, sikuharakisha, na pembeni ya kila lebo nikachora jani. Nikabandika zote. Rafu ilipendeza mno, nikasimama nikailia.

Alipokuja kula mchana niliweka mezani chupa ya jamu ya plamu, nikaielekeza kwake.

"Hatimaye," akasema. "Leo samaki atapumzika." Akaishika kuifungua. Mkono ukasimama.

Hakuniuliza. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na barua moja ya ukutani, akailaza kando ya chupa. Akatazama rafu, moja moja, zote thelathini na mbili. Masikio yake hayakuwa mekundu. Yalikuwa meupe.

"Nani alikupa?"

"Nanasha. Kabla ya arusi. Nilidhani ni sala tu, Iurie. Sikusoma mwisho. Na tarehe sita ameleta nyingine, hii hapa, na hiyo nimeisoma, na sikuinakili."

"Tarehe thelathini ulikuwa umesimama pale na sinia."

"Ndiyo."

"Nikakuambia una moyo mwema."

"Ndiyo."

"Siku kumi na saba, Domnica. Nimelala kati yako na huo ukuta siku kumi na saba."

Nikamweleza yote: kitambulisho cha Bibi, mwana wa Ileana, miguu ya nanashu, mkono uliofunga. Nikamletea daftari hili. Alisoma akiwa amesimama, mpaka ukurasa wa juzi. Mahali pa masikio alikawia. Kisha akalirudisha, akachukua koti, akatoka. Ameacha simu mezani. Hajawahi kuacha simu.

17 Septemba

Alirudi. Amelala jikoni, chini, mbele ya rafu.

19 Septemba, Ijumaa

Amewaambia ofisini. Nilidhani watamfukuza au watatuma polisi nyumbani. Alipoingia alikaa kwenye sanduku langu, juu ya zulia la Bibi, na kofia kichwani.

"Mkubwa hakukasirika," akasema. "Amefurahi. Anataka upigwe picha na kitambaa chako cha bibi arusi, useme wageni wamemhadaa mke mchanga. Itarushwa mpaka siku ya kura. Ameniuliza kama unalia vizuri."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba unalia vizuri sana, ila si kwa ajili yake."

"Na kazi yako?"

"Sina kazi."

Nilikaa kando yake. Alisema Jumatatu tarehe 29, kura ikishapita, tutakwenda kwa wapelelezi pamoja, nitoe maelezo yangu, na kwamba hajui itaishaje, huenda vibaya. Alisema bado ana hasira na itachukua muda. Kisha akasema zile barua ziliaminiwa kwa sababu ya mkono wangu, na hakuna bango wala televisheni itakayozifuta. Mkono ulioandika ndio uandike tena. Nilikuwa nimewaza hivyo hivyo tangu kwa Bibi. Leo amerudi chumbani. Ametoa karatasi zote ukutani. Kumebaki matundu ya pini, na kitanda kimebaki pale pale.

20 Septemba

Nimenakili mara tisa: "Mimi Domnica, mjukuu wa Eftimia, ndiye niliyeandika barua yenye jani. Sikusoma nilichoandika. Maneno yale yalitoka nje na si kweli. Hakuna atakayechukua mwanao. Ileana, mwambie mwanao aje kuvuna." Majani tisa. Iurie aliyahesabu, akasema la saba limepinda. Ni mara ya kwanza kunitania tangu Jumanne.

Kesho asubuhi tunampelekea Bibi nakala yake, kisha keshokutwa Jumatatu tunampeleka akaombe kitambulisho kipya.

21 Septemba, sikukuu ya Maria Mdogo

Bibi aliisoma mara mbili, akaiweka nyuma ya Mama Mtakatifu mahali pa ile nyingine. Ile nyingine akawashia jiko. Hakunisamehe kwa maneno. Alinipa tenga, akasema, "Safu ya mwisho hujaigusa." Ileana alikuja mwenyewe mpaka uani, akachukua yake, akaondoka bila salamu. Iurie alinivunia upande wa pili wa safu.

Jioni nanasha akapiga.

"Maria Mdogo imepita. Mnakuja au nife kwanza?"

"Tunakuja, nanasha."

"Na zangu tisa?"

"Nimeandika tisa. Si zile."

Nilimsikia akipumua. Nyuma yake nanashu alikuwa anatembea sakafuni, hatua nzito, nzima, bila fimbo.

"Nilikuambia kuhusu mkono uliokufunga kitambaa."

"Nakumbuka. Jumatatu ya tarehe 29 nitalitaja jina lako kwa wapelelezi. Sitaki uambiwe na mtu mwingine."

Akasema, kwa sauti ya mwanamke mzee tu, "Chumvi usitie nyingi. Haralampie amekatazwa."

Iurie alisema hawastahili. Nikamwambia kolachi hatupeleki kwa sababu wanastahili. Walisimama nasi kanisani. Hatuwezi kwenda kuwataja bila kwanza kuketi mezani pao. Akafikiri, sikio la kushoto likaanza, halafu la kulia, akaenda kununua unga.

Basi naandika hapa, kwa mwandiko wangu, nisije nikarudi nyuma: Ijumaa tarehe 26, kabla mwezi huu haujaisha, tutabisha mlangoni kwako, nanasha, mimi na mume wangu, na kolachi mbili na barua moja, uisome wewe mwenyewe mpaka mwisho.